Mwana Aliyembeba Baba Yake



Dominika hii tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya sinema. Yamkini wako watakaoshangaa, na pengine mzee mmoja au wawili wamekwisha kunyoosha mkono ili wabadilishe kituo. Tunawaomba wasubiri kidogo. Hadithi ni hadithi, iwe imesimuliwa kando ya moto, imeandikwa kitabuni, au imepigwa picha. Na hii tuliyoichagua ni hadithi ya baba na mwana, jambo ambalo halina kabila wala bara.

Sinema hiyo inaitwa kwa Kiingereza Walking Out, maana yake ni kutoka porini kwa miguu. Ilitolewa mwaka 2017. Waliitengeneza ndugu wawili mapacha, Alex na Andrew Smith, ambao walikulia katika jimbo la Montana huko Marekani, na ambao walimpoteza baba yao wangali watoto. Jambo hilo la mwisho tunalitaja kwa makusudi. Mtu anayetengeneza sinema juu ya baba asiyeweza kuletwa tena nyumbani akiwa hai, naye mwenyewe amekua bila baba, hatengenezi mchezo tu. Msingi wa sinema ni hadithi fupi ya mwandishi David Quammen, iliyochapishwa mwaka 1980. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, mwandishi huyohuyo alitoa kitabu mashuhuri kiitwacho Spillover, kinachohusu magonjwa yanayotoka kwa wanyama na kuwaingia wanadamu, Ebola ikiwamo, ambayo ndugu zetu wa Kongo wanaijua kuliko kitabu chochote. Walakini alipoandika hadithi hii alikuwa bado kijana, na kilichomshughulisha kilikuwa kitu cha karibu zaidi, yaani uzito wa mzazi.

Kabla ya kuendelea, inatupasa kuwapa picha ya mahali penyewe. Montana ni jimbo la kaskazini-magharibi ya Marekani, linalopakana na Kanada. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 380,000, ambazo ni kama sehemu mbili katika tano za nchi ya Tanzania. Lakini watu waliohesabiwa humo mwaka 2020 walikuwa milioni 1 na kidogo tu, ilhali sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 61. Basi fikirini wenyewe upweke wa milima ile, misitu yake ya misonobari, na theluji inayofunika njia usiku mmoja hata mtu asione alipokanyaga jana. Huko mtu akipiga kelele, aghalabu anayemjibu ni sauti yake mwenyewe.

Katika nchi hiyo yumo mtu mmoja anayeitwa Cal, anayeishi peke yake. Mwanawe, David, mwenye umri wa miaka 14, anaishi na mama yake Texas, mbali sana upande wa kusini. Wazazi walitengana. Mara moja kwa mwaka kijana hupanda ndege kwenda kumwona baba, naye baba humchukua porini kuwinda. Safari hii baba amekusudia jambo kubwa: anataka mwanawe amwangushe mnyama wake mkubwa wa kwanza. Mnyama mwenyewe ni wa jamaa ya kulungu, mkubwa kupita wote wa jamaa hiyo, dume mwenye pembe pana kama sinia mbili, ambaye uzito wake hupita kilo 400. Baba amekuwa akifuata nyayo zake kwa muda mrefu, akimwekea mwanawe, kama vile mzazi mwingine anavyomwekea mwanawe ndama au kiwanja.

Kijana anafika akiwa ameinamia simu yake, akicheza mchezo. Hapa wahubiri wengi wangesimama na kuilaumu simu. Sisi hatutasimama hapo, kwa sababu kosa la simu ni dogo. Mtoto anayemwona baba yake siku chache kwa mwaka atamwangalia nini usoni, naye hajui asome nini katika uso huo? Simu ni mahali pa kujificha, na mtu hujificha pale anapoona aibu au woga. Baba naye ana mahali pake pa kujificha, nako ni kuwinda. Kila neno lake ni la msitu: shika bunduki hivi, kanyaga hivi, upepo unatoka huku, nyamaza. Haulizi sana juu ya maisha ya kijana huko Texas, nani rafiki yake, usiku anaogopa nini. Anayo lugha moja tu ya kumpenda mwanawe, nayo mwana haielewi vema. Tunafikiri baba wengi wanaotusikiliza wanalijua jambo hili. Mmoja lugha yake ni ng'ombe, mwingine ni ngalawa, mwingine ni karo ya shule, naye mwana anasimama mbele yake kama mgeni anayesubiri mkalimani.

Hata hivyo tusimwonee Cal. Naye alifunzwa hivyo. Wakiwa wamekaa jioni anamsimulia mwanawe habari za babu, Clyde, aliyempeleka porini alipokuwa mdogo, na katika masimulizi hayo tunaona kwamba kuwinda si kuua tu. Kuna heshima kwa mnyama, kuna kiasi, kuna majuto ya mtu aliyewahi kuangusha kisichostahili kuangushwa. Wazee wetu walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Asipofua chuma yeye mwenyewe, angalau atashika viriba vya moto. Cal anataka mwanawe avukute. Tatizo ni kwamba anataka kumaliza kwa siku chache kazi ambayo mhunzi huifanya kwa miaka, kila asubuhi, mtoto akiwa miguuni pake. Malezi ya msimu mmoja kwa mwaka yana haraka ndani yake, na haraka hiyo, milimani, ina hatari.

Ajali yenyewe tutaisema kwa maneno machache, maana sinema hizi hupenda kukaa sana kwenye damu. Milima ile ina dubu wa kahawia, wale wakubwa, ambao sheria ya Marekani ilianza kuwalinda mwaka 1975 kwa kuwa walikuwa karibu kutoweka katika majimbo ya kusini ya Kanada. Kijana anakutana na mtoto wa dubu. Na palipo na mtoto, mama hayuko mbali. Katika kivumbi kinachofuata bunduki inalia, risasi inaingia mguuni mwa baba. Hakuna aliyekusudia. Lakini kuanzia dakika hiyo yule aliyejua njia hawezi kutembea, na yule anayeweza kutembea hajui njia.

Basi kijana anambeba baba yake mgongoni.

Hapa, wapenzi wasikilizaji, ndipo tunapotaka kukaa. Mtu mzima mwenye afya huweza kuwa na kilo 70 au 80. Wengi wenu mmewahi kubeba gunia, mnajua maana ya kilo hizo. Lakini gunia halina mguu unaovuja damu, wala haligugumii sikioni kwako kila unapojikwaa. Katika vijiji vya milimani kwetu mgonjwa huchukuliwa kwa machela au kwa kitanda, wanaume wanne wakiwa wamebeba, wengine wakifuata nyuma wakisubiri zamu, na bado jasho huwatoka. Hata kule Kilimanjaro, ambako wapagazi ni watu waliozoea mizigo, anayezidiwa na mlima huteremshwa kwa machela yenye gurudumu, na watu kadhaa huishika. David hana wa kumpokea zamu. Ana miaka 14, ana theluji, na ana mgongo wake.

Tena kuna baridi, nayo ina tabia zake ambazo ni vema kuzijua, hasa ninyi mnaoishi karibu na milima mirefu. Joto la mwili wa mwanadamu ni kama nyuzi 37. Likishuka chini ya 35 hatari imeanza. Kwanza mtu hutetemeka sana, na kutetemeka huko ni mwili unaojitafutia joto. Kisha kutetemeka hukoma, na wasiojua husema, sasa amepata nafuu. Siyo nafuu. Ulimi unakuwa mzito, mikono haishiki, akili inapotea, na wako ambao mwisho huona joto la uongo wakavua nguo zao katikati ya theluji. Aliyepoteza damu hufika huko upesi zaidi. Na jambo moja zaidi, ambalo ndilo lililotugusa: mbebaji hupata joto kwa kazi yake, maana misuli yake inafanya kazi, lakini mbebwa hapati, kwa kuwa amekaa tu. Anayebebwa ndiye anayeganda. Joto lake la pekee linatoka katika mgongo wa yule anayembeba.

Kwetu sisi mgongo ni mahali pa mtoto. Kila mmoja wetu alijifunza dunia kutoka mgongoni kwa mama, au shangazi, au dada, amefungwa kwa mbeleko, akisikia moyo wa mwingine kabla hajaujua wake. Hakuna mbeleko iliyoshonwa kwa ajili ya baba. Ndiyo maana picha ya kijana aliyeinama chini ya mwanamume mzima inatushtua. Ni kana kwamba dunia imepinduliwa. Lakini je, imepinduliwa kweli? Au ni zamu tu iliyofika, nayo imefika mapema mno?

Maana kwa wengi wetu zamu hiyo hufika. Haiji kwa dubu wala kwa bunduki. Inakuja kwa kiharusi, kwa kisukari kilichokula mguu, kwa macho yaliyoingia ukungu, kwa mzee aliyeanza kusahau majina ya wajukuu. Simu inapigwa kutoka kijijini: njoo, baba hawezi kuamka. Na mwana, aliye mjini, mwenye kibarua chake na kodi ya nyumba, anakaa kitandani usiku akipiga hesabu.

Tuseme wazi hesabu hiyo ni ipi, kwa sababu mara nyingi mimbarini inapitwa kwa kuona haya. Wako wana ambao hawapigi hesabu ya nauli na dawa peke yake. Wanapiga hesabu ya zamani. Baba alikwenda migodini akapata mke mwingine hukohuko. Baba alikwenda Uarabuni, akatuma fedha miaka miwili, kisha barua zikakoma. Baba alikuwapo nyumbani, lakini alikuwapo kama radi. Sasa ni mgonjwa, na jamaa wamekaa kikao, wote wakaelekeza vidole kwa mtoto wa kwanza. Naye anasema moyoni, na pengine kwa sauti: huyu hakunibeba mimi, kwa nini nimbebe yeye? Tumelisikia neno hili katika jumuiya ndogondogo, limesemwa na watu wazima wenye mvi, wakilia.

Watu wa pembeni hujibu haraka: mbebe tu, ni baba yako. Ni rahisi kwao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nao hawajauinua. Sisi hatutaki kujibu haraka namna hiyo. Tunataka kwanza kumtazama tena David. Baba huyu hakumlea. Siku zake zote na baba, zikijumlishwa, ni miezi michache. Tena safari hii hakuitaka, mnyama yule hakuwa haja ya moyo wake, na baridi ile hakuichagua. Kama angekaa juu ya gogo na kupiga hesabu ya nani anamdai nani, hesabu ingemaliza mchana wote, na baba angekufa pale pale kabla haijafungwa. Kijana hapigi hesabu hiyo. Anainama, anamvuta baba mabegani, anasimama, anaanguka, anasimama tena.

Haina maana kwamba deni halipo. Hili tunaomba lisikike vizuri, hasa na makatekista, maana ninyi ndio mnaokwenda katika nyumba hizo. Kumbeba baba si kusema kwamba mambo yote yalikuwa mema. Mwana anaweza kumpeleka baba hospitali, akalipa, akamwosha, na bado akasema kweli mbele ya Mungu na mbele ya baba mwenyewe kwamba aliachwa, na kwamba iliuma. Wala hatumwambii mtu aliyepigwa na kudhulumiwa arudi akaishi chini ya mkono uleule. Mkono huo ungali na nguvu, na hilo ni jambo la kushauriwa kwa utaratibu mwingine. Tunasema juu ya mkono uliokwisha kuishiwa nguvu. Mwandishi wa kale Yoshua bin Sira, ambaye kitabu chake kimo katika Biblia yetu, anamwagiza mwana kumsaidia baba katika uzee wake na kumvumilia hata kama akili yake imepungua. Angalieni alivyochagua mfano wake. Hakumtaja baba mwenye hekima, aketiye barazani akitoa mashauri. Alimtaja yule anayesahau, anayerudia neno lile lile mara kumi, anayemfokea anayemlisha. Huyo ndiye mzito.

Sasa tugeuke upande wa pili, upande wa mbebwa, kwa sababu hapo sinema hii ina jambo ambalo hatukulitazamia.

Wahenga walisema mbebwa hujikaza. Anayebebwa naye ana kazi: ashike vizuri, asilegeze mwili ukawa kama maiti, asiyumbeyumbe. Cal alikuwa mtu wa kufundisha kwa kusimama mbele. Sasa hana mbele tena. Yuko nyuma, kidevu chake kiko begani kwa mwanawe, macho yao yanatazama upande mmoja. Na kwa mara ya kwanza wanaongea kwa namna nyingine. Yale masimulizi ya babu, ambayo mwanzoni yalikuwa kama masomo ya darasani, sasa ni pumzi sikioni. Mwana anayasikia kwa mwili wake. Tukiulizwa ni wapi katika sinema nzima baba huyu alimfundisha mwanawe, tutasema ni hapo, alipokuwa hawezi kufanya lolote ila kushika na kusema. Zile siku za bunduki na nyayo zilikuwa utangulizi.

Lakini ni baba wangapi wanaokubali kubebwa? Tunawajua wazee, tena wazee wa kanisa, wasiokubali kushikwa mkono kushuka ngazi. Anaona damu kwenye mkojo, anakaa kimya miaka miwili kwa kuwa hataki mwanawe amsindikize kliniki. Hati ya shamba iko chini ya godoro, au kwa rafiki, au mahali ambapo yeye peke yake anapajua. Naye hasemi, kwa sababu kusema ni kukiri kwamba siku moja hatakuwapo. Matokeo yake ni kwamba wana wanabeba msiba na kesi kwa pamoja. Mzee huyo anafikiri amewaondolea watoto mzigo. Ukweli ni kwamba amejilegeza mgongoni mwao.

Tunakiri kwamba kubebwa kuna aibu. Uchi wa mzazi, harufu ya ugonjwa, nguo zilizolowa. Biblia inalijua jambo hili. Inasimulia jinsi Nuhu alivyolala uchi hemani mwake, na wanawe wawili, Shemu na Yafethi, wakachukua nguo mabegani, wakaingia kinyumenyume ili wamfunike bila kumwangalia. Nyuso zao zilielekea kwingine. Yeyote aliyewahi kumwogesha baba yake anaujua mwendo huo wa kinyumenyume, hata kama hakuwahi kuusoma popote.

Kule Roma, katika jumba la Borghese, iko sanamu ya marumaru iliyochongwa na kijana Bernini kati ya mwaka 1618 na 1619. Inaonyesha habari ya kale ya Aenea anayetoroka mji wa Troya unaowaka moto, amembeba baba yake Ankise begani, na nyuma yao anafuata mtoto mdogo. Habari yenyewe ilisimuliwa na mshairi Vergili, naye anaeleza kwamba mzee kwanza alikataa kubebwa. Alisema amekwisha kuishi vya kutosha, wamwache afe na mji wake. Ilibidi abembelezwe. Na alipokubali, hakubebwa mikono mitupu: sanamu inamwonyesha ameshika mkononi vinyago vya miungu ya nyumba yao, mambo matakatifu ya ukoo kama walivyoyafahamu wao wapagani, wakati mwanawe amemshika yeye, na mjukuu nyuma ameshika moto wa nyumbani. Vizazi vitatu katika jiwe moja, na yule asiye na nguvu kuliko wote ndiye aliyepewa kushika kile ambacho nyumba mpya isingeweza kusimama bila hicho. Tunajua sanamu hiyo ni ya watu wa dini nyingine, lakini kila tunapoikumbuka tunawakumbuka mabibi na mababu wanaojua majina ya vizazi saba, na mipaka ya mashamba, na sala ambazo hazikuandikwa.

Katika sinema ya ndugu wale wa Montana, vizazi vitatu vipo vilevile: babu katika masimulizi, baba mgongoni, mwana miguuni. Lakini haina mwisho wa Aenea. Baba hafiki akiwa hai. Kijana anatembea, anazungumza naye, anaendelea kutembea, na mzigo uliokuwa baba yake unakuwa mwili wa baba yake, naye hauweki chini.

Baadhi ya watu waliotazama pamoja nasi walikasirika. Walisema: basi ametaabika bure, angemwacha akakimbia peke yake kutafuta msaada, pengine wote wangepona. Ni swali la haki, na wanaojua mambo ya uokoaji wanaweza kulijadili kwa vipimo vyao: umbali, damu, saa zilizobaki za mwanga. Sisi tuliwaza juu ya miaka ya baadaye ya kijana yule. Atakuwa mtu mzima. Atakumbuka kwamba alimjua baba yake kidogo sana, na kwamba risasi ililia akiwapo; hayo hayatafutika. Lakini atakumbuka pia uzito. Atajua hasa baba yake alikuwa mzito kiasi gani, mkono wake ulishika vipi, maneno yake ya mwisho yalikuwa na joto gani shingoni. Wako wana wengi waliokaa na baba miaka 40 chini ya paa moja ambao hawana hata kumbukumbu moja ya namna hiyo. Na wako wale, nao wanatusikiliza leo, waliofika kijijini siku moja baada ya mazishi. Kwa hao hatuna lawama. Barabara ni mbaya, likizo hainunuliwi, na simu huja usiku. Tunawaombea.

Inabaki tuseme neno kwa makatekista na viongozi wa vijana, maana tunajua baadhi yenu mna mitambo ya kuonyesha picha parokiani na mnatafuta cha kuonyesha. Sinema hii ni ya Kiingereza, na wenyewe wanasema kwa sauti ya chini, hivyo itafaa awepo mtu wa kutafsiri, asiyependa kuongeza ya kwake. Ina majeraha yanayoonekana wazi. Watoto wadogo wapelekwe kulala kwanza. Msiwaite vijana peke yao. Waiteni pamoja na baba zao, na kama baba hayupo, mjomba au babu, nao wakae benchi moja, si wazee mbele na vijana nyuma kama ilivyo desturi. Picha ikiisha, taa ziwashwe polepole. Msiulize maswali papo hapo, wala msimpe mtu yeyote nafasi ya kutoa nasaha. Leteni chai kwanza, na wale watakaotaka kutoka nje kidogo, waacheni watoke.